BOINC Bila Kuchoma Mashine: Hivi Ndivyo Unagawa Nguvu ya Prosesa Yako

Kuna wasee mob huskia ati laptopu inaweza kusaidia wanasayansi kutafuta dawa ama nyota, wanaweka BOINC jioni, na kufika asubuhi feni inalia kama ndege inashuka JKIA. YouTube inakwamakwama, meza imeshika moto, na mwenye mashine amekasirika. Siku ya pili ameitoa. Na hapo shida haikuwa sayansi, mara nyingi hata si mashine. Ni setingi tatu nne ambazo hakuna mtu alimwonyesha.

Kama mashine yako ndiyo inakulisha, iwe unaediti video, unafanya kazi za mtandaoni ama unaandika tesisi ya chuo, hii ni yako. Sheria ya hapa ni moja: wewe kwanza, sayansi inakula kile umebakisha. Twende pole pole.

BOINC ni nini kwanza

BOINC ni programu ya bure iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya David Anderson. Kazi yake ni kuchukua hesabu kubwa ya kisayansi, kuikatakata vipande vidogo, na kutuma kila kipande kwa kompyuta ya mtu aliyejitolea. Mashine yako inapiga hesabu, inarudisha jibu, inachukua kipande kingine.

Mambo yalianza kushika na SETI@home, mradi wa kusaka dalili za viumbe wenye akili huko angani, uliofunguliwa Mei 1999. Uliacha kutuma kazi mpya Machi 2020, lakini miradi mingine bado iko. Einstein@Home husaka nyota zinazoitwa palsa, na 2010 kompyuta za watu wa kawaida huko Marekani na Ujerumani ziliikamata palsa ya kwanza ya mradi huo kwa mawimbi ya redio. Rosetta@home hutoka maabara ya David Baker pale University of Washington, yule jamaa aliyeshinda Nobel ya Kemia 2024 kwa kazi ya protini. World Community Grid ilianzishwa na IBM 2004, na tangu 2021 iko chini ya Krembil kule Toronto, Kanada.

Hata Afrika imewahi kuwa ndani ya hii hesabu. MalariaControl.net, mradi wa taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya tropiki, ulitumia kompyuta za watu dunia nzima kuiga jinsi malaria inasambaa barani na ni mbinu gani zingeipunguza. Ulifungwa 2016. Kwa hivyo usidhani hizi ni mambo za watu wa mbali tu.

Kitu kimoja tuelewane mapema: BOINC yenyewe hailipi. Unapewa pointi zinazoitwa krediti, na hizo ni za kujigamba tu. Ukiona mtu anakuambia uweke programu "ya sayansi" ndio uomoke, toroka.

Mbona mashine inalemewa na programu "imejificha"?

BOINC ikifanya kazi, huwa inajiweka nyuma kabisa ya foleni. Mfumo wa kompyuta unaambiwa: huyu apewe prosesa tu kama hakuna mwingine anaitaka. Ukifungua Word ama Chrome, BOINC inapishwa hapo kwa hapo. Sasa mbona bado unaskia mashine nzito?

Sababu ni tatu. Ya kwanza ni joto. Prosesa ikichapa kazi asilimia 100 masaa kumi, inapata moto, na ikipata moto sana inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Hapo hata kazi yako inaenda polepole, foleni ama hakuna foleni. Ya pili ni RAM. Kukaa nyuma ya foleni ya prosesa hakuachilii RAM, kwa hivyo kazi nne zikikalia giga 2, hizo giga 2 huna. Ya tatu ni kadi ya grafiki, kwa sababu kadi haijui kupisha watu vizuri kama prosesa. Ikishikwa na hesabu, hata kusogeza dirisha kwa skrini kunakuwa na mikwaruzo.

Ukishajua hizo tatu, setingi zote zilizobaki zinaeleweka.

Punguza viini, usipunguze muda

Hapa ndipo wengi huangukia. Ukifungua BOINC, ingia kwa menyu ya "Options", halafu "Computing preferences". Utaona mistari miwili imefuatana: mmoja unauliza utatumia asilimia ngapi ya CPU, mwingine asilimia ngapi ya muda wa CPU. Zinafanana kwa jina, lakini ni vitu viwili tofauti kabisa.

Prosesa ya kisasa ni kama jikoni ya hoteli yenye wapishi kadhaa. Kila mpishi ni kiini. Laptopu nyingi zina viini vinne, na kila kiini kinaweza kushika sufuria mbili kwa wakati mmoja, zinazoitwa thredi. Kwa hivyo BOINC itaona thredi 8 na itataka kupika kazi 8. Lakini kumbuka wapishi bado ni wanne. Sufuria ya pili inaongeza kiasi tu, haifanyi kazi iwe mara mbili.

Ule mstari wa kwanza unasema wapishi wangapi waitwe kazini. Ukiweka asilimia 50 kwa mashine ya thredi 8, BOINC inafanya kazi 4 na kuacha nafasi 4 zako. Ukiweka 75 inafanya 6. Kama mashine yako ni ya zamani na ina thredi 2 tu, 50 inamaanisha kazi moja.

Mstari wa pili haupunguzi wapishi. Unaita wote, halafu unawaambia wapike, wasimame, wapike, wasimame. Ukiweka asilimia 50 ya muda, kazi zote zinakimbia sekunde chache, zinalala sekunde chache. Joto linapanda na kushuka, feni inapiga kelele halafu inanyamaza, usiku kucha. Na RAM yote bado imekaliwa, kwa sababu kazi zote 8 ziko wazi.

Kwa hivyo formu ni hii: muda wa CPU uache 100, halafu ucheze na asilimia ya viini. Anza na 50. Kaa nayo siku mbili. Mashine ikiwa baridi na wewe husikii chochote, panda 75. Bado iko moto kwa 50? Shuka 25. Ule mstari wa muda uguse tu kama umeshuka hadi kazi moja na bado laptopu inachoma mapaja.

Matoleo mapya ya BOINC yamegawa hizi setingi mara mbili: wakati unatumia mashine na wakati umeiacha. Hiyo ni tamu sana. Unaweza kuweka 25 ukiwa kazini na 75 ukiwa umelala.

Joto ulipime, usikisie kwa mkono

Pata programu ya bure ya kusoma joto la prosesa. Kwa Windows kuna HWMonitor na Core Temp. Kwa Linux kuna amri ya sensors. Acha BOINC ikimbie nusu saa, halafu usome. Prosesa nyingi za laptopu hujipunguza mwendo zikikaribia digrii 100. Wewe lenga 80 kushuka chini, ndio ubaki na nafasi siku ya jua kali, haswa kama uko Mombasa ama Kisumu na keja yako ni ya mabati.

Kabla ulaumu BOINC, toa vumbi kwa feni, na laptopu usiiweke kwa godoro ama blanketi. Vitabu viwili chini ya pembe za nyuma vinaifanya ipumue. Hizo ndizo digrii za bure.

Ukiwa unaitumia, na ukiwa kwa betri

Kuna kisanduku cha kusimamisha kazi mashine ikiwa kwa betri. Wacha kiwe na tiki, bila mjadala. Betri ya laptopu inaisha nguvu kwa kutumika na kwa joto, na kuinunua mpya ni doh.

Kisanduku kingine kinasimamisha kazi ukiwa unatumia mashine. BOINC inajua uko kwa kuangalia mausi na kibodi. Ukikaa dakika 3 bila kugusa, inaona umeenda. Kama RAM yako ni giga 8 kwenda juu, unaweza kuacha BOINC iendelee ukiandika tu. Kama ni giga 4, weka tiki, utanishukuru.

Kuna mstari wa tatu wengi hawauoni: simama kama programu zingine zinatumia zaidi ya asilimia fulani ya CPU. Kawaida huwa 25. Huu ndio rafiki wa wasee wa kuediti video na kucheza gemu. Ukianza kutoa video, BOINC inaskia prosesa imeshikwa na inakaa kando yenyewe. Lakini kama unaona BOINC inasimama-simama kila saa bila sababu, labda kuna kitu kama programu ya kusaka virusi inapiga msako nyuma. Pandisha ifike 40 uone.

Na ukitaka utulivu wa haraka, kama una mahojiano ya Zoom sai, bofya ile ikoni ndogo ya BOINC pale chini uchague "Snooze". Inalala saa moja.

RAM na stima kupotea

BOINC kawaida huruhusiwa nusu ya RAM ukiwa unatumia mashine, na asilimia 90 ukiwa umeiacha. Kwa mashine ya giga 4 shusha ya kwanza ifike 30. Miradi pia si sawa. Kazi za Einstein@Home mara nyingi hutosha kwa mashine ya kawaida, lakini baadhi ya kazi za LHC@home, mradi wa CERN, hutumia VirtualBox, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, na hizo zinakula RAM kama zimefunga siku tatu.

Kuhusu stima: kazi nyingi hujiandika kwa diski kila baada ya muda, ndio zikikatika zianzie hapo badala ya mwanzo. Hata hivyo, kazi tofauti hujiandika kwa mwendo tofauti. Kama mtaa wenu stima hupotea kila jioni na unatumia kompyuta ya meza bila betri, chagua miradi yenye kazi fupi za masaa machache. Climateprediction.net, mradi wa hali ya hewa wa Oxford, ni kazi safi lakini kipande kimoja kinaweza kuchukua siku nyingi. Hiyo waachie walio na mashine za kukesha.

Kugawa kati ya miradi: hapa usihesabu kwa siku

Sema umejiunga na miradi mitatu. Kila mmoja unapewa fungu, na kawaida fungu ni 100. Ukiacha 100, 100, 100, kila mmoja unapata theluthi. Ukibadilisha mmoja uwe 200, mgawo unakuwa 200, 100, 100, yaani ule unapata nusu na wengine robo robo. Nambari yenyewe haina maana, ni uwiano tu. Utaibadilisha kwa tovuti ya mradi wenyewe, kwa akaunti yako.

Sasa watu huamka, wanacheki, wanapata mradi mmoja umekalia mashine yote. Wanashtuka, wanabadilisha fungu, kesho yake mwingine umekalia. Manze, tulia. BOINC haigawi kwa saa wala kwa siku. Inaweka daftari la kazi kila mradi umefanyiwa, na maandishi ya zamani yanafifia, nusu kila siku 10. Mradi mpya unaingia daftari likiwa tupu, kwa hivyo BOINC inaupendelea siku kadhaa ndio ufikie wenzake. Na ule uliokosa kazi wiki nzima kwa sababu seva yao ilikufa, ukirudi unalipwa deni. Ukiguseguse fungu kila asubuhi, unavuruga daftari. Weka, nenda, rudi baada ya wiki tatu.

Kuna ujanja mmoja hapa: fungu la 0. Mradi wenye 0 ni mchezaji wa akiba. Haupati kazi kama miradi mingine inayo, lakini wote wakikauka, huo unaingia uwanjani. Weka mradi mmoja hivyo, mashine haitakaa bure.

Na usijiunge na miradi kumi na mbili. Miwili mitatu inatosha laptopu moja.

Usibebe kazi kuliko unaweza kumaliza

Hii ndiyo inaumiza wengine, kwa hivyo soma vizuri. Kila kazi ina dedilaini. Miradi mingi hutuma kazi moja kwa mashine mbili za watu wasiojuana, halafu inalinganisha majibu. Ukichukua kazi 40 halafu ukazima mashine ukaenda ocha wiki mbili, kuna mtu mahali amemaliza yake na anakungoja. Dedilaini ikipita, seva inatuma kazi hiyo kwa mtu wa tatu, aanze upya. Stima yako uliyochoma kwa zile za nusu imeenda hivyo tu.

Dedilaini ikikaribia, BOINC yenyewe inaingiwa na wasiwasi. Inaacha hesabu ya mafungu, inakimbiza kwanza kazi inayoisha mapema. Ukiona mafungu yako hayafuatwi hata baada ya wiki, mara nyingi ni hii: umebeba mzigo mkubwa.

Dawa iko kwa ile setingi ya kuhifadhi kazi. Kawaida ni siku 0.1 na nyongeza ya siku 0.5. Iache hivyo. Kama unaingia mtandaoni kwa bando mara moja kwa siku, panda hadi siku 1, si zaidi. Na siku tatu nne kabla ya kusafiri ama kuanza mitihani, bofya kila mradi uchague "No new tasks". BOINC itamaliza iliyo nayo, itarudisha, haitachukua nyingine. Hiyo ni heshima.

Kadi ya grafiki

Kadi nzuri inaweza kushinda prosesa mbali sana kwa kazi zinazoifaa. Folding@home, iliyoanza Stanford mwaka 2000 na yenye programu yake nje ya BOINC, ilipita exaFLOP moja Machi 2020, yaani hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde, na kadi za wacheza gemu zilibeba sehemu kubwa ya huo mzigo.

Lakini kadi inahitaji mpishi wa kuilisha. Kama prosesa yote imejaa kazi, kadi inangoja na inazubaa. Acha angalau thredi moja bure: kwa mashine ya thredi 8, asilimia 87 ya viini itakuachia 6 ama 7. Halafu weka tiki pale kwa kusimamisha kadi ukiwa unatumia mashine. Na kama unataka BOINC na Folding@home pamoja, wagawie viini mwenyewe, nusu kwa nusu, kwa sababu hawa wawili hawajui kupangiana.

Simu je?

Android inaweza, iPhone haina BOINC. Pakua kutoka tovuti rasmi ya BOINC. Kawaida inafanya kazi simu ikiwa kwa chaja na waifai, betri ikiwa imefika 90, na inasimama joto la betri likipita digrii 40. Usiziguse hizo. Tumia kiini kimoja ama viwili, toa kava, na usiweke simu chini ya mto. Betri ikianza kuvimba, basi, hiyo simu imestaafu.

Hesabu ya tokeni

Laptopu inayovuta wati 45 kwa masaa 10 inakula uniti 0.45. Kwa siku 30 hiyo ni uniti 13.5. Kompyuta ya meza yenye kadi, ikivuta wati 300 masaa hayo hayo, ni uniti 3 kwa siku na 90 kwa mwezi. Chukua SMS yako ya mwisho ya tokeni, gawa pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata, halafu zidisha. Kama nambari inakutisha, punguza masaa. BOINC ina ratiba ya siku na saa. Weka ianze saa nne usiku na iishe saa kumi na moja asubuhi. Na kama mnashiriki mita kwa ploti, ongea na wenzako kwanza.

Mashine si yako? Omba ruhusa

Huko Georgia, Marekani, mwanzoni mwa 2002, mfanyakazi wa kompyuta wa chuo fulani aliishia na kifungo cha nje na pesa za kulipa kwa kuweka programu ya distributed.net kwa mashine za chuo bila ruhusa. Hapa kwetu kuna sheria ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta. Saiba, ofisi, maabara ya chuo: bila ruhusa ya mwenyewe, achana nayo, hata kama nia ni safi.

Anzia hapa

Laptopu ya giga 4: viini 25 hadi 50, simama ukiitumia, mradi mmoja wa kazi fupi.

Laptopu ya giga 8: viini 50, muda 100, miradi miwili na mmoja wa fungu 0.

Kompyuta ya meza yenye kadi: viini 75, thredi moja ama mbili bure, kadi ifanye kazi usiku.

Simu: kwa chaja tu, kiini kimoja.

Kaa na hizo wiki moja. Kila jioni cheki vitu vitatu: joto, idadi ya kazi zilizopita dedilaini, na uniti kwa mita. Joto chini ya 80, kazi zilizochelewa sufuri, na bili unaiweza? Basi umepata mizani yako, wacha ichape kazi. Moja ikikataa, shusha viini kwanza kabla uguse kitu kingine chochote.